Bangili ya kufungua kitasa kupitia mwili: mezani inafanya kazi, ikivaliwa ishara inapotea

KitasaMguso:

Wakuu, habari zenu.

Natengeneza bangili inayotuma namba ya utambulisho kupitia mwili wa mvaaji. Akishika sahani ya chuma mlangoni, kisanduku kinasoma namba na kitasa kinafunguka. Hakuna redio wala kadi.

Bangili: mikrokontrola ya ATtiny85 kwa saa yake ya ndani, pini moja inatoa mawimbi ya mraba ya 125 kHz, 3 V, moja kwa moja kwenye elektrodi inayogusa ngozi. Graundi imeungwa kwenye sahani inayotazama nje. Elektrodi na sahani ni shaba ya juu na ya chini ya PCB (ubao wa saketi) moja ya pande mbili, duara la sm 3, unene wa ubao mm 1.6. Betri ni CR2032. Inatuma biti 64 kwa 2 kbit/s kila nusu sekunde, mchana na usiku.

Kisanduku: sahani ya mlangoni inaingia amplifaya ya MCP6001 iliyowekwa kukuza mara 100, halafu diodi, halafu LM393 (kilinganishi cha volteji).

Nikitumia jenereta ya mawimbi badala ya bangili na osiloskopu kwenye sahani, mkono mmoja hapa na mwingine pale, naona karibu nusu volti bila amplifaya yoyote. Nikivaa bangili yenye betri, naona 50 Hz kubwa tu, ya 125 kHz haipo. Jeli ya ECG haikubadilisha kitu.

Nauliza: ile nusu volti imekwenda wapi? Nipandishe volteji ya bangili hadi 12 V? Na betri itadumu mwaka mmoja kweli?

---

Pikofaradi:

Nusu volti ilipita kwenye waya wa ardhi, mkuu. Jenereta na osiloskopu zote zimechomekwa ukutani, graundi zao ni moja. Mwili ulikuwa kipande cha waya kati yao na njia ya kurudi ilikuwa imekamilika. Kipimo hicho hakikuambii chochote kuhusu bangili.

Bangili ya betri haina waya wa kurudia. Inarudi kwa kapasitansi kati ya ile sahani ya nje na mazingira: ukuta, sakafu, hewa. Duara la nusu kipenyo r lililo peke yake hewani lina kapasitansi ya 8ε₀r (ε₀ ni namba isiyobadilika ya fizikia). Kwa sm 1.5 inatoka 1.06 pF. Mwili ulio nyuma yake unaifunika, kwa hiyo hesabu 0.5 pF. Mwili wenyewe una takriban 150 pF kwenda ardhini. Basi volteji inayoonekana mwilini ni:

3 V × 0.5 / 150 = 10 mV kutoka kilele hadi kilele.

Hiyo ndiyo ishara yako, na kisanduku kikiwa na ardhi halisi utaipata karibu yote. Kipokezi nacho kikiwa cha betri, kinakuwa na tatizo hilohilo upande wake: kwa 2 pF ya kurudi na 10 pF ya ingizo utabaki na 1.7 mV.

Ndiyo maana jeli haikusaidia. Kwa 125 kHz, 0.5 pF ni kama megaomu 2.5. Ngozi, hata ikiwa kavu, ni kitu kidogo sana mbele ya hiyo. Unaweza hata kuifunika elektrodi kwa tepu ya plastiki ya mm 0.1: duara la sm 3 litakupa pikofaradi zaidi ya 150 kupita kwenye tepu, hutaona tofauti, na mtu mwenye mzio wa nikeli hatapata vipele.

Cha kurekebisha ni sahani ya nje. Ukiitumia shaba ya upande wa pili wa PCB ileile, umeilaza mm 1.6 kutoka mwilini na mistari mingi ya uga inarudi mwilini badala ya kwenda nje. Iinue mm 8 hadi 10, iwe ndiyo uso wa bangili, kwa nguzo za plastiki. Na umwambie mtumiaji asiifunike kwa kiganja cha pili, hapo njia ya kurudi inafungwa na mwili wenyewe na ishara inakufa papo hapo.

Kuhusu 12 V: utapata desibeli 12, lakini nguvu ya kuchaji elektrodi ni CV²f, inapanda mara 16, na bado hujalipia saketi ya kupandisha volteji. Acha kwanza.

---

nyaya_mbili:

Kwa nini usiachane na njia ya hewa kabisa? Weka elektrodi mbili kwenye ngozi upande wa bangili na mbili upande wa kupokea, pitisha mkondo mwilini. Hautegemei ardhi wala sakafu.

---

Pikofaradi:

Hiyo ni njia ya galvani, inafaa sana kati ya kipandikizi na kiraka cha kifuani. Hapa mlangoni mtu anashika sahani kwa kiganja kimoja. Elektrodi mbili za kupokea zitakuwa sentimita chache kutoka kila moja, mwishoni mwa mkono, ambako mkondo wa bangili haufiki: unazunguka kati ya elektrodi mbili za bangili na kuisha hapohapo. Tofauti ya volteji kwenye kiganja itakuwa ndogo kuliko kelele.

---

BiasMegaomu:

Nizungumzie kipokezi, maana hata ukirekebisha bangili, MCP6001 haitakupa kitu. Upana wake wa kukuza ni 1 MHz. Kwa 125 kHz inaweza kukuza mara 8 basi, hata ukiweka rezista za mara 100. Na 50 Hz, ambayo iko ndani ya uwezo wake, inaikuza mara 100 kamili. Mwili ulio karibu na nyaya za umeme hubeba volti kadhaa za 50 Hz, kwa hiyo amplifaya imegonga dari muda wote na 10 mV yako imekandamizwa juu ya hiyo dari.

Chujio likae MBELE ya amplifaya, si nyuma. Kisanduku chako kiko ukutani na kina ardhi, unaweza kuupakia mwili kidogo bila hasara: kapasita ya 33 pF kwa mfululizo, halafu rezista ya kiloomu 100 kwenda kwenye volteji ya kati. Kona iko 48 kHz. 125 kHz inapita asilimia 93, 50 Hz inashuka karibu mara elfu moja. 33 pF kando ya 150 pF za mwili inakula chini ya asilimia 20 ya ishara, wala haina neno. Diodi ya kinga BAV99 iwe baada ya rezista ndogo ya kiloomu 1, maana mtu aliyevaa sweta ya sufu ataleta cheche.

Baada ya hapo MCP6021 (10 MHz, inakula 1 mA, kisanduku hakijali) ikuze mara 10, halafu nyingine mara 10. Usikuze mara 100 kwa moja.

Usije ukaweka mzigo wa omu 50 mahali popote kwa kufuata mazoea ya redio. Chanzo chako ni 0.5 pF, yaani megaomu 2.5. Mkondo ni 3 V / 2.55 MΩ = 1.2 µA, ambao juu ya omu 50 ni mikrovolti 59. Kipokezi cha mawasiliano ya mwili kinasoma volteji, ingizo lake liwe kama kapasita ndogo. Ukifanya hivyo upotevu wa njia unabaki karibu uleule kuanzia makumi ya kilohezi hadi megahezi kadhaa. Ukiweka omu 50, masafa ya chini yanaonekana mabovu na mtu anakimbilia makumi ya megahezi bila sababu. Probu ya osiloskopu nayo iwe kwenye x10. Kwenye x1 ina pikofaradi kama 100, kwa kisanduku itakupunguzia ishara na kwa bangili itaiua kabisa.

Badala ya diodi na LM393 ningetumia ADC (kigeuzi cha volteji kuwa namba) ya mikrokontrola ya STM32F103. Sampuli 500,000 kwa sekunde, yaani nne kwa kila mzunguko wa 125 kHz. Taima kwa 72 MHz igawanye kwa 144, ADC kwa 12 MHz na muda wa sampuli mizunguko 7.5. Kwa sampuli nne x0 hadi x3 za kila mzunguko, I = x0 − x2, Q = x1 − x3, jumlisha mizunguko 64, chukua I² + Q². Hiyo ni mikrosekunde 512, inatosha biti kidogo chini ya 2 kbit/s, na umepata chujio lenye upana wa takriban 2 kHz bure.

Lakini hapo saa ya ndani ya ATtiny85 itakuangusha. Kutoka kiwandani ni ±10%, yaani 125 kHz yako inaweza kuwa 113 au 137, nje kabisa ya dirisha. Hata ukiikalibrisha hadi 1% utakosea 1,250 Hz na kupoteza desibeli 7. Resoneta ya kauri ya 4 MHz, ±0.5%, igawanye kwa 32: kosa la juu 625 Hz, upotevu desibeli 1.5. Kristali ni bora zaidi ila inachelewa kuamka, na kwenye bangili kila milisekunde ya kuamka ni betri.

---

KitasaMguso:

Shukrani wakuu. Nimeinua sahani kwa nguzo za mm 9 na kuweka 33 pF na 100 kΩ mbele. Sasa 125 kHz inaonekana wazi kwenye osiloskopu, inacheza kati ya 6 na 9 mV kutegemea mtu amesimama wapi. Pekupeku kwenye sakafu yenye maji inashuka zaidi. Hiyo ni kawaida?

Na kwa nini wote tunabaki 125 kHz? Kiwango cha IEEE 802.15.6 cha 2012 kinaweka mawasiliano ya mwili kwenye 21 MHz.

---

Pikofaradi:

Ni kawaida. Sakafu yenye maji inaufunga mwili na ardhi, 150 pF inakuwa zaidi, na sehemu nyingine inapita kwa ukinzani. Viatu vyenye soli nene ya mpira hufanya kinyume, mwili unakuwa huru na ishara inapanda. Weka nafasi ya desibeli 10 chini ya hapo na usiseti kizingiti kwa mtu mmoja.

21 MHz ni kwa ajili ya kasi, hadi 1.3 Mbit/s. Wewe una biti 64. Kwa 21 MHz, 10 pF ya ingizo lako ni omu 758 tu, na kuichaji 20 pF kwa 3 V kunakula 3.8 mW badala ya mikrowati 22. Halafu ukizidi kwenda juu, mwili unaanza kuwa antena na namba yako inasikika nje ya mlango. Mtafiti Thomas Zimmerman alipoonyesha jambo hili MIT miaka ya 1990 alitumia 330 kHz na 2,400 bit/s, na alipendekeza kifaa kikae kwenye kiatu. Kiatu kiko karibu na sakafu, njia ya kurudi ni nene kuliko ya mkononi.

---

mikroampea:

Swali la betri halijajibiwa, na ndilo linalobadilisha muundo mzima.

Bangili inayotangaza: 32 ms kila 500 ms ni asilimia 6.4 ya muda. ATtiny85 kwa 4 MHz na vitu vyake, tuseme 2 mA. Wastani 128 µA. CR2032 ina 225 mAh, kwa hiyo siku 73. Na angalia mahali nguvu inapokwenda: elektrodi inakula mikrowati 20 hivi, mikrokontrola mikrowati 6,000. Kupunguza volteji ya kutuma, kubadilisha elektrodi, kuhangaika na koili za mwangwi (resonance) wa kutuma, yote hayo ni kuokota punje wakati gunia limetoboka. Adui ni muda wa kuwa macho.

Geuza mwelekeo. Kisanduku kina umeme wa ukutani, chenyewe ndicho kitangaze. Bangili isikilize tu na ijibu ikiguswa. Kuna chipu za kuamsha za masafa ya chini, AS3933 kwa mfano: 15 hadi 150 kHz, inasikia hadi 80 µV, na ikisikiliza kwa chaneli moja inakula mikroampea chache tu. Hesabu 5 µA pamoja na ATtiny iliyolala: 44 mAh kwa mwaka. Majibu 50 kwa siku ya 40 ms kwa 2 mA hayafiki hata nusu mAh kwa mwaka mzima.

Upande huu ishara ni nono. Kisanduku chenye ardhi kinaupandisha mwili wote kwa karibu 3 V kamili, si 10 mV. Kwenye bangili unapata 0.5 pF ikiingia kwenye tangi la LC (koili na kapasita zinazoitikia masafa mamoja). Kwa koili ya 7.2 mH unahitaji jumla ya 225 pF kwa 125 kHz: weka 180 pF ya C0G (aina isiyoyumbishwa na joto), iliyobaki ni kapasita za ndani ya chipu (hadi 31 pF kwa hatua za 1 pF) na pikofaradi za PCB na transista. Q (ukali wa mwangwi wa tangi) ikiwa 28, hesabu inatoa kama 80 mV rms, mara elfu moja ya unachohitaji.

Mambo yatakayokusumbua:

Q usiifukuzie. Bangili ikibana au ikilegea inabadilisha pikofaradi kadhaa. 5 pF kwenye 225 inasogeza tangi 1.4 kHz. Q ya 28 ina upana wa 4.5 kHz, inavumilia. Q ya 80 haivumilii. Kwa sababu hiyohiyo usitumie koili ya 70 mH na 22 pF ukidhani utapata ishara zaidi, pikofaradi 5 hapo zinakutoa nje kabisa, na koili kubwa kama hizo nyingi zina mwangwi wao wenyewe chini ya 125 kHz. Soma datashiti.

Koili iwe iliyofunikwa kwa feraiti. Iliyo wazi inashika uga wa sumaku wa chaja zisizo na waya za simu, nazo zinafanya kazi humuhumu kati ya 100 na 200 kHz. Bangili ikiwekwa kando ya chaja hiyo usiku, inaamka hadi asubuhi.

PCB ya pande mbili kama elektrodi hapa ndipo inapoumiza kwelikweli: ni 17 pF kando ya ingizo.

Elektrodi ni moja kwa kutuma na kupokea. Weka 10 pF kati ya elektrodi na tangi, na MOSFET (transista) ndogo yenye kizingiti cha chini iifunge koili wakati ATtiny inatuma, la sivyo 3 V inaingia kwenye ingizo la chipu. Wakati wa kusikiliza pini ya kutuma iwe ingizo, bila rezista ya ndani, na bafa yake ya kidijitali imezimwa.

Sasa tatizo la unono: mtu akipita karibu na mlango bila kugusa, sahani na mwili wake vina kama 2 pF kati yao. Mwilini inafika 3 V × 2/150, desibeli 37 chini, na bangili bado inapata takriban 1 mV. Itaamka! Soma RSSI ya chipu (kipimo cha nguvu ya ishara, hatua za 2 dB) kabla ya kujibu, na kizingiti kiwe katikati ya kugusa na kukaribia. Vilevile shusha kisanduku hadi 0.3 V kwa kigawanyi. Hakuna haja ya 3 V.

---

KitasaMguso:

Hii ya kugeuza mwelekeo imenifungua. Swali la mwisho: kwa pawabanki kisanduku kinapokea vizuri, kwa chaja ya simu ya pini mbili kelele inazidi ishara. Na kuna hatari yoyote kwa anayeshika sahani?

---

BiasMegaomu:

Chaja nyingi za simu zinawasha na kuzima transista yao kwa 65 kHz hivi. Mara mbili yake ni 130, jirani kabisa na wewe. Kati ya upande wa umeme na upande wa USB kuna kapasita ya Y (ya usalama, inayovuka kati ya pande hizo mbili), mara nyingi 1 nF hadi 2.2 nF, na kelele inapita hapo kuingia kwenye graundi yako. Graundi ikicheza, sahani inacheza nayo, na aliyeishika ndiye njia ya kwenda ardhini.

Unganisha graundi ya kisanduku na ardhi halisi, kelele ipate njia nyingine isiyo mwili. Soketi ya pini tatu si ushahidi kwamba ardhi ipo, nyumba nyingi pini ya juu haijaungwa kitu. Fundi umeme aipime akiwa na mzigo, si kwa mita ya dijitali peke yake, maana mita hizo huonyesha volteji hewa. Kama ardhi haipo, tumia transfoma ya kawaida ya 50 Hz na regyuleta ya 7805, au zungusha waya wa USB mara nane hadi kumi kwenye pete ya feraiti ya hasara kubwa. Kisha sogeza masafa: sikiliza kwa ADC bila bangili, pita kati ya 110 na 145 kHz, chagua palipo kimya.

Usalama. Mkondo wenyewe ni mdogo: 3 V juu ya 150 pF kwa 125 kHz ni 0.35 mA, wakati ICNIRP (tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyo ya ioni) inaruhusu umma 20 mA ya mguso kuanzia 100 kHz. Hofu yangu ni DC na umeme wa ukutani. Sahani ipitie kapasita mbili za Y1 za 2.2 nF kwa mfululizo, ili moja ikitoboka nyingine ibaki. Utapoteza asilimia 12 tu. Bangili nayo iwe na 1 nF na kiloomu 1, DC ikipita kwenye jasho siku nzima inachubua ngozi. Mwenye betri ya moyo asiivae bila ruhusa ya daktari wake, bandika maandishi mlangoni.

---

mikroampea:

Naongezea: namba tupu ya utambulisho inarekodiwa na yeyote atakayebandika sahani yake juu ya yako. Kisanduku kitume namba ya kubahatisha ya biti 32 ndani ya mlipuko wa kuamsha, ATtiny isainishe kwa AES-128 (usimbaji wa ufunguo wa siri) na kurudisha biti 32 za matokeo. AES ya programu kwa 4 MHz inachukua milisekunde chache. Ratiba: mlipuko 30 ms, kimya 50 ms, rudia. Pini ya kisanduku iachiliwe kabisa wakati wa kimya, na usianze kusoma ADC kabla ya 1 ms kupita, maana kapasita za sahani bado zinatulia.